Mtu wa Gunia na Moshi wa Ng'ambo

Jumamosi, 16 Machi

Mvua imeanza. Nami nimeanza daftari, kwa sababu mke wangu Quinter amechoka kunisikiliza. "Baba Phelis," amesema akimenya viazi, "hayo mambo yako ya mwangaza yaandikie karatasi. Karatasi haina ugali wa kusonga." Haya basi, karatasi, karibu kiti.

Mimi ni Ogola, fundi wa boila katika kiwanda cha majani chai huku upande wa Roret. Nilikuja kutoka ziwani nikiwa kijana wa kutafuta kazi, nikasahau kurudi. Kazini natazama moto na mshale wa geji. Nje ya kazi natazama jua likicheza na majani, kamera mkononi, tangu enzi za filamu, wakati picha ilikuwa unaipeleka Kericho ioshwe, unangoja, halafu unaletewa bahasha ya watu waliokatwa vichwa. Siku hizi nina kamera ya kidijitali, mtumba lakini ya maana, na kompyuta ya kusafishia picha. Hapo kwa kusafisha, katika Bureti yote hakuna wa kunifikia. Nyaya za stima naondoa. Jaa la takataka naondoa. Chunusi za bibi harusi naondoa, mamake anabaki akidhani ni maombi.

Kitu kimoja tu sijapata. Kila mwaka Chama cha Picha cha Nyanda za Chai kinafanya maonyesho Bomet, kila mtu na picha yake moja ya msimu wa mvua. Kila mwaka natuma. Kila mwaka wananiandikia asante kwa kushiriki. Mwaka jana ukuta mkubwa walimpa daktari wa meno! Mwaka huu ukuta ni wangu, wapende wasipende.

Jumatano, 20 Machi

Mvua. Wingu zito, hakuna picha.

Jumamosi, 23 Machi

Nilikuwa nakunywa chai kibandani, na nani anaingia kama si Momanyi. Huyu ni jirani, Mkisii mmoja mrefu, mdomo wake haujui breki. Alikuwa mchuna chai wa kampuni kule ng'ambo ya mto mpaka mwezi wa pili, mashine za kuchuna zilipoletwa na wao wakaambiwa kwaheri. Sasa anachunia watu mashamba madogo madogo huku kwetu. Aliniona nikipangusa lenzi.

"Mzee Ogola, picha zako zote ni majani tu. Kwani yanajichuna?"

Watu wakacheka. Nikamwambia picha ya chai inataka utulivu, haitaki watu na magunia.

"Mtu mzima ovyo, anapiga picha mboga!" Wakacheka tena. Halafu akaingia kwa mambo ya mashine, na hapo yeye mwenyewe hakucheka. "Ile mashine siku moja itakunywa moto. Mtaniambia."

Nililipa chai yangu nikatoka. Ananikera yule mtu, sitaficha.

Alhamisi, 28 Machi

Mvua tangu alfajiri. Lenzi imeingia ukungu ndani. Nimeilaza karibu na jiko, Quinter ameihamisha aweke sufuria.

Jumatano, 3 Aprili

Leo! Nimeipata, nimeipata!

Nilitoka zamu nikaenda moja kwa moja kilimani nyuma ya shule ya msingi, mahali unapoona bonde lote mpaka chai ya kampuni kule ng'ambo. Mvua ilikuwa inaanza kukatika. Nikafunika kamera na karatasi ya mkate, nikangoja. Halafu jua likachungulia chini ya wingu na chai yote ikawaka, kila jani na tone lake, ukungu ukipanda kutoka mtoni. Na hapo hapo, kwenye kijia, katikati kabisa ya picha yangu, anatokea mtu! Gunia kichwani la kukinga mvua, kikapu mgongoni, anatembea kama ana siku nzima. Nikabonyeza mara moja, nikapiga kelele: "Toka hapo wewe, unanimalizia jua!" Akasimama, akatazama juu nilipokuwa, akasema kitu ambacho sikusikia, akaenda zake. Uso sikuuona. Alipomaliza kupita, jua nalo likawa limezama kwenye wingu. Nimebaki na picha moja tu yenye ule mwangaza, na yeye yumo ndani.

Na hakuwa peke yake. Nilipoifungua nyumbani nikaona ng'ambo, juu kule kwa kampuni, moshi unaanza kupanda nyuma ya miti. Sijui nani anachoma takataka na mvua hii.

Lakini Ogola ni Ogola. Nilikaa chini, nikachukua majani ya pembeni nikayapanda juu ya huyo mtu, kidogo kidogo, kuanzia miguu mpaka gunia, hadi kijia kikabaki kitupu kimejaa jua. Moshi nikaupaka wingu. Najua sheria ya Chama: rekebisha rangi na mwangaza, lakini usiongeze kitu wala usiondoe kitu. Nikajiambia mtu wa kupita si kitu. Angechelewa kidogo tu hangekuwa hapo. Nikabonyeza hifadhi, nikatuma Bomet hata kabla ya chakula, nikarusha pia kwa kikundi cha WhatsApp cha kanisa, nikafuta kadi ya kamera iwe na nafasi kesho.

Quinter alitazama, akasema, "Ni nzuri. Inaogopesha kidogo, vile haina mtu."

Quinter na picha, tuache tu.

Alhamisi, 4 Aprili

Boilani habari ni moja. Banda la mashine za kampuni limechomwa jana jioni, mashine zimebaki vyuma. Mlinzi anasema moshi ulipoanza tu, aliona mwanamume mrefu mwenye gunia kichwani akikimbilia ndani ya chai. Gunia kichwani! Msimu huu, huku kwetu, nani hana gunia kichwani?

Halafu nikakumbuka ule moshi wangu.

Jioni nilimwambia Quinter. Aliweka mwiko chini. "Kwani ulikuwa ng'ambo?"

"Hapana."

"Umeona mtu akiwasha?"

"Nimeona moshi."

"Moshi uliuona wewe na bonde zima. Mambo ya kampuni na polisi yana wenyewe, Baba Phelis. Kula."

Nikala. Picha ishaenda Bomet, na hakuna moshi ndani.

Jumamosi, 6 Aprili

Wamemshika Momanyi. Wamemtoa nyumbani asubuhi, mke wake Bonareri akifuata gari akiwa miguu mitupu. Mrefu, ana gunia, alifutwa kazi, na kibanda kizima kilimsikia akisema mashine itakunywa moto. Sikushangaa. Na kwa kuwa hakuna anayesoma hapa, niandike ukweli: nilifurahi kidogo. Wakishapata mtu, hakuna atakayeuliza habari za moshi.

Jumanne, 9 Aprili

Mvua ya mawe. Imekuja na kelele ukidhani mabati yanapigwa marungu. Chai imechanika yote, majani yamelala chini kijani kibichi juu ya barafu nyeupe. Watu wanalia, mimi napiga picha. Nimepiga nyingi mno, kadi imejaa zaidi ya nusu.

Jumatano, 10 Aprili

Nimesikia korti imewapa polisi muda wa kumshikilia Momanyi wakichunguza. Watu wanasema atafungwa miaka. Mvua.

Ijumaa, 12 Aprili

Simu imelia nikiwa nje ya boila. Mama mmoja, sauti ya upole: "Ni mzee Ogola? Mimi ni Chepngeno, mwenyekiti wa Chama cha Picha. Hongera, mzee. Ukuta mkubwa ni wako."

Yawa! Miaka yote hii! Aliniambia majaji wamekaa mbele ya picha yangu wakanyamaza, kwamba hawajawahi kuona chai imetulia hivyo. Maonyesho ni Ijumaa ya tarehe ishirini na sita, nivae suti.

Halafu akasema, "Swali moja tu, mzee, tunauliza kila mtu. Hakuna kitu umeondoa?"

"Hakuna," nikasema.

Lilitoka lenyewe, laini, hata sikulitafuta.

Jumapili, 14 Aprili

Siku mbaya. Naandika polepole ili nisiharibu.

Tulikuwa tumetoka kanisani, Quinter amebaki huko na akina mama. Mlango ukabishwa, nikamkuta Bonareri, lesso imelowa, viatu mkononi. Nikampa kiti. Hakukaa.

"Baba Phelis, sitakaa. Juzi nimeruhusiwa kumwona. Amekonda. Ameniambia niende kwa Ogola mwenye kamera."

"Kwa nini mimi?"

"Anasema siku ya moto mvua ilimkuta shambani huku chini. Wenzake wakakimbia, yeye akajibanza kwa mti. Ilipokatika akapanda kijia peke yake na kikapu kitupu. Akapita mbele yako. Mimi nimewaambia polisi alifika nyumbani amelowa, saa ileile watu wakipiga nduru ng'ambo kunaungua. Wakasema, mke atasema nini kingine?"

Nikamwambia watu wengi hupita pale.

"Anasema ulimfokea." Aliniangalia moja kwa moja. "Ulimwambia, toka hapo wewe, unanimalizia jua."

Maneno hayo sikumwambia mtu yeyote. Yako hapa kwenye daftari na yako kichwani mwa yule mtu wa gunia, basi.

Nikasema, "Uso sikuuona, mama." Ambayo ni kweli.

"Lakini ulimpiga picha?"

"Nitaangalia."

Akaweka viatu chini akanishika mikono yote miwili. Mikono yake ina ugumu wa miaka ya kuchuna. "Angalia, Baba Phelis. Watu wanadanganya, lakini picha haidanganyi."

Alipoondoka nilikaa nikitazama mlango. Nimefikiria hivi. Picha ya kwanza, yenye mtu na moshi, iko kwenye kompyuta, haiendi popote. Maonyesho ni tarehe ishirini na sita. Nikiitoa leo, Chepngeno atajua nilidanganya, na ukuta umekwenda. Nikingoja maonyesho yapite, nitaitoa kimyakimya, Momanyi atatoka, na kila mtu atakuwa na chake. Ni siku chache tu. Mtu hafi kwa siku chache za seli.

Jumatatu, 15 Aprili

Mvua. Sijaangalia.

Jumanne, 16 Aprili

Mvua. Bado sijaangalia. Nimechukua suti kwa fundi, amenipunguzia kiuno.

Jumatano, 17 Aprili

Quinter amerudi kutoka soko la Roret na uso wa kufunga duka. Alikutana na Bonareri akiuza kuku wake wa mwisho.

"Amenishukuru," akasema. "Amesema Mungu akubariki vile unamtafutia picha. Nikasimama pale kama mjinga, sijui picha gani. Baba Phelis, ni picha gani?"

Nikamweleza. Yote, mpaka habari ya ukuta.

"Kwa hivyo yule mtu umempanda majani juu."

"Nilikuwa naisafisha tu."

"Na sasa unangoja makofi ya Bomet kwanza, halafu ndio umfukue."

"Wewe ndiye uliniambia ninyamaze!"

"Nilisema unyamaze juu ya moshi! Hakukuwa na mtu ndani ya huo moshi!" Akavuta kiti karibu na meza. "Mficha uchi hazai. Fungua hiyo kompyuta, nikiwa hapa."

Nikafungua. Nikaenda kwa picha za tarehe tatu. Kulikuwa na moja tu. Nikaifungua: chai, jua, kijia kitupu. Nikatafuta kila mahali, mpaka ndani ya takataka za kompyuta. Ndipo nikakumbuka mkono wangu ile jioni, na haraka yangu ya kutuma. Nilibonyeza hifadhi. Sikuitengenezea nakala yake. Ile safi imekaa juu ya ile ya kweli, na ya kweli haipo tena.

Miaka yote ya kucheka vijana wanaofanya kosa hilo.

"Iko wapi?" Quinter akauliza.

Nililia, niandike tu. Nililia nikiwa nimeshika kipanya cha kompyuta.

Alhamisi, 18 Aprili

Nimeomba ruhusa kazini nikaenda polisi. Sajini ni mtu mtulivu, alinipa kiti, akasikiliza mpaka mwisho. Nikamwambia Momanyi alipita mbele yangu, na moshi ulikuwa unaanza nyuma yake saa hiyohiyo. Kutoka kijia kile mpaka lile banda ni kushuka mpaka mtoni, kuvuka, na kupanda mlima mwingine. Mtu hawezi kuwa huku na akawa huko akikimbia.

"Ulimwona uso?"

"Hapana, lakini nilimfokea, na maneno niliyosema ameyarudia."

"Pengine alisimuliwa na aliyepita." Akatoa simu yake. "Na tena mzee, hiyo picha yako tunayo. Imezunguka kila kikundi. Momanyi alipotuambia alipita mbele ya kamera yako, tuliangalia." Akanigeuzia. Picha yangu, nzuri, safi. "Nionyeshe mtu hapa. Nionyeshe moshi."

Hapo ndipo nilipoelewa. Picha yangu haikunyamaza tu. Ilikuwa shahidi, na ilikuwa inamfunga.

"Nilimfuta," nikasema. "Nilimfuta yeye na moshi. Ilikuwa ya mashindano."

Sajini aliegemea nyuma akanitazama. Hakuwa na hasira, na hiyo iliniumiza zaidi. "Mzee, hebu tuseme leo uniletee nyingine yenye mtu na moshi. Kama mkono wako unaweza kutoa mtu hakuna anayejua, nitajuaje kama hujamweka?"

Nimerudi nyumbani kwa miguu, mvua ikininyeshea, sikutaka hata kujikinga.

Ijumaa, 19 Aprili

Sijalala vizuri. Quinter amenipikia uji akanikalisha. "Ile kamera yenyewe haina kumbukumbu?" Nikamwambia nilifuta kadi. Halafu nikaacha kijiko hewani. Kufuta kadi si kufuta kabisa! Picha inabaki imelala pale mpaka nyingine ije kulala juu yake.

Halafu nikakumbuka mvua ya mawe. Nilivyopiga, nilivyopiga, kama mwendawazimu. Nimetoa kadi kwenye kamera nikaifunga kwa leso. Hakuna wa kuigusa.

Jumamosi, 20 Aprili

Litein, kwa Obure. Obure ana studio ya picha pale karibu na stendi, na ni rafiki yangu wa tangu filamu. Tunabishana kila tukikutana. Yeye hasafishi picha, anasema picha ikioshwa sana inatoka rangi.

Nilimweleza. Nilingoja anicheke. Hakucheka. Alifunga mlango wa studio, akawaambia wateja warudi baadaye, akachomeka kadi, akaanzisha programu ya kufufua picha.

"Umepiga ngapi juu yake?"

"Nyingi."

"Ogola, Ogola."

Tukakaa tukitazama. Zikaanza kuja: harusi ya mwaka jana, nusu. Ng'ombe. Mawe, mawe, mawe. Kila nikiona mawe moyo unashuka, kwa sababu kila moja imekalia kitu. Nje watu wanabishana bei ya mahindi. Obure akasema, "Tarehe tatu hii," na kwenye skrini ikaanza kushuka, mstari kwa mstari, kutoka juu. Wingu. Mstari wa jua. Miti ya ng'ambo, na nyuma yake moshi, mweusi, mwembamba, unaanza tu.

"Shuka," nikaiambia, "shuka, tafadhali, shuka."

Ikashuka. Chai ya ng'ambo. Ukungu. Ncha ya gunia. Gunia lote. Bega. Kikapu. Halafu, chini kidogo ya kikapu, ikasimama, na kilichobaki ni kijivu kitupu mpaka mwisho. Mawe yalikuwa yamekula nusu ya chini.

"Uso hakuna," nikasema. "Ni gunia tu. Wataniambia ni mtu yeyote."

Obure alikuwa anaivuta karibu. "Hii ni nini kwa kikapu?" Upande wa kulia palikuwa na kiraka cha kitambaa chekundu, kimeshonwa na kamba ya buluu, mishono mirefu ya kupishana.

Nikampigia Bonareri. Nikamwomba asiniulize, aniambie tu kikapu cha mumewe kikoje.

"Kikapu? Kizee tu. Kilitoboka kulia, nikakiziba na sweta ya shule ya mwanangu Omariba, ile nyekundu. Nilikosa uzi nikashona na kamba ya buluu. Kwani kuna nini, Baba Phelis?"

Nilimpa Obure simu. Yeye ndiye aliyemwambia. Nilimsikia Bonareri akipiga kelele mpaka nje.

Baadaye Obure alikaa akiitazama ile nusu. "Hii ndiyo ilikuwa picha, mjinga wewe. Jua lote lile lilikuwa linamwangukia yeye. Ulitupa nyama ukala mfupa."

Sikubishana naye.

Jumatatu, 22 Aprili

Polisi, mimi na Obure na Bonareri. Sikuwapa nakala. Niliwapa kadi yenyewe na kompyuta, wazipeleke kwa wataalamu wao, waangalie kama kuna mkono wa mtu. Bonareri alikuja amebeba kikapu kichwani. Sajini alikiweka juu ya meza kando ya skrini, akapeleka kidole kwenye mshono mmoja, halafu kwenye skrini, mshono mwingine, halafu skrini tena. Bonareri alisimama wima kama mwanafunzi.

"Aliyeshona ni nani?"

"Ni mimi, afande. Naweza kukushonea mwingine hapa hapa, uone mkono."

Akasema watapeleka, tungoje. Kwa mlango akaniita nyuma. "Ungekuja tarehe nne, mzee, huyu mtu hangelala hapa hata siku moja."

Jumatano, 24 Aprili

Mvua. Tunangoja.

Ijumaa, 26 Aprili

Bomet. Nilivaa suti, kwa sababu Quinter alisema aibu nayo inataka nguo safi. Nilifika kabla ya watu. Ilikuwa pale, ukuta mzima, kubwa kuliko mimi, jina langu chini. Nisidanganye: ilikuwa nzuri. Moyo uliniuma kuiangalia, niliitamani hata nikijua. Chepngeno alikuja amenyoosha mkono wa hongera.

"Mama, iteremshe," nikasema. "Nilikudanganya kwa simu. Kuna mtu hapo katikati nilimwondoa, na amekaa seli kwa sababu yangu."

Mkono wake ulibaki hewani. Nikamweleza, na wengine walikuwa wameanza kuingia, wakasikia. Daktari wa meno alikuwepo. Chepngeno hakunigombeza. Aliita mtu wa ngazi, wakaitoa misumari, ukuta ukabaki mweupe.

"Hutaruhusiwa kushiriki tena, mzee. Unaelewa."

"Naelewa."

Nililia kwenye choo cha pale, nikanawa uso, nikarudi nyumbani.

Jumanne, 30 Aprili

Ameachiliwa! Wataalamu wamesema picha ya kadi haijaguswa. Mwenye kuchoma bado wanamtafuta. Quinter amepeleka unga na sukari kwa Bonareri. Nilitaka kwenda naye, akaniangalia, akasema, "Wewe ngoja kwanza."

Jumamosi, 4 Mei

Momanyi amepita mlangoni kwangu. Nikasema habari. Hakujibu, hakugeuka.

Jumanne, 7 Mei

Nimemkuta kibandani. Nikasema mbele ya wote, "Momanyi, nilikukosea. Nilijua, na nikangoja." Alimaliza chai yake, akaweka kikombe, akatoka. Zamani angekuwa na la kusema, kibanda kizima kicheke. Ningetoa chochote anitukane.

Jumamosi, 11 Mei

Msimu unaisha, mvua imepungua, chai iliyokatwa na mawe imechipuka upya. Polisi wamenirudishia kadi. Sikuwa na mashindano, sikuwa na mtu wa kuonyesha, lakini mguu ulinipeleka kilimani wenyewe. Manyunyu yalikuwa bado yanaanguka. Jua likachungulia chini ya wingu, vilevile, na bonde likawaka. Nikaweka jicho kwenye kamera.

Mtu akatokea kwenye kijia. Gunia kichwani, kikapu mgongoni, kiraka chekundu. Akafika katikati, akasimama, akatazama juu.

"Mzee! Nipite, ama utanifuta tena?"

Sikujua kama ni mzaha au ni kisu. Nikamjibu, "Pita, ndugu yangu. Pita polepole."

Hakupita. Aliinua mkono akavua gunia, akalikunja, akalitia kikapuni. Manyunyu yakawa yanamwangukia kichwani. Akanigeukia uso wote, hakucheka, akaniangalia hivyo hivyo mpaka nilipobonyeza.